William Herschel, Mpiga Kinanda Aliyesubu Vioo vya Darubini

Miongoni mwa wanafunzi wenzetu wapo wanaochanga fedha ili wanunue darubini ya kupigia picha za mbingu za usiku, na mjadala wao haukatiki: lenzi au kioo, kubwa au ndogo, ya kununua tayari au ya kuunda wenyewe. Wengi wao wanaelekea kwenye darubini ya Newton. Fani yangu mimi ni masomo ya Kiislamu, na kazi yangu ya kila siku ni kusoma habari za watu: nani alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, aliacha nini. Kwa hiyo, ndugu msomaji, sitakuletea orodha ya bei. Nakuletea habari za mtu aliyekabiliwa na maswali hayohayo zaidi ya miaka 240 iliyopita, fedha zake zikiwa chache na walimu wa fani hiyo hana. Mtu huyo ni William Herschel.

Kwanza tuielewe darubini yenyewe. Isaac Newton aliunda ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1668, chombo kidogo kisichofika hata shibiri moja kwa urefu. Darubini za wakati ule zilitumia lenzi, na lenzi ina ila moja: inapoipinda nuru huipasua pia katika rangi zake, nyota ikaonekana imezungukwa na ukungu wa bluu na nyekundu. Kioo hakina ila hiyo, kwa sababu nuru haipiti ndani yake. Inagonga uso na kurudi. Newton akaweka kioo kilichobonyea chini kabisa ya bomba, kikaikusanya nuru na kuirudisha juu. Karibu na mdomo wa bomba akaweka kioo kidogo bapa kilichoinamishwa, kikaielekeza nuru pembeni, na hapo pembeni ndipo mtu anapoweka jicho lake. Muundo ni huo tu, na haujabadilika mpaka leo.

Kuhusu umbo la kioo hicho, wanafunzi wa historia ya elimu watakumbuka kwamba Ibn al-Haytham, aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, aliandika risala juu ya vioo vya kuunguzia vyenye umbo la parabola. Alionyesha kwa hesabu kwamba kioo cha umbo hilo hukusanya miale yote ya jua katika nukta moja, jambo ambalo kioo cha umbo la tufe hakiwezi. Yeye hakuunda darubini, na si haki kumbebesha jambo asilolifanya. Lakini hesabu ile ndiyo ambayo kila fundi wa kioo cha Newton anaitii mpaka leo, awe anaijua asili yake au haijui.

Tumrudie Herschel. Alizaliwa mjini Hanover, Ujerumani, tarehe 15 Novemba 1738, akaitwa Friedrich Wilhelm. Baba yake, Isaak, alikuwa mpiga zumari ya Kizungu katika bendi ya jeshi la walinzi wa Hanover, na watoto wa kiume walifuata njia hiyohiyo ya baba. Nyumba haikuwa na mali. Ilikuwa na muziki, na nyakati za jioni baba alipenda kuzungumza na wanawe mambo ya elimu na kuwaonyesha nyota. Mwaka 1757 jeshi la Ufaransa liliwashinda watu wa Hanover katika vita vya Hastenbeck. Kijana huyu wa miaka 18 alikuwa pale na bendi yake, katika mvua na matope, na wazazi wake wakaona heri aondoke. Akakimbilia Uingereza pamoja na kaka yake Jacob. Hanover na Uingereza zilikuwa chini ya mfalme mmoja, lakini kwake ile ilikuwa nchi ya ugenini hata hivyo.

Huko London aliishi kwa kunakili muziki wa wengine. Baadaye akaenda kaskazini, akafundisha bendi ya wanamgambo, akatunga simfoni (alizotunga maishani mwake zinafika 24), akawa mpiga kinanda wa kanisa mjini Halifax. Mwishoni mwa 1766 alihamia Bath, mji wa matajiri waliokuja kuoga katika chemchemi zake za maji ya moto. Hapo akapata kazi ya kupiga kinanda katika kanisa dogo la Octagon, akafundisha muziki watoto wa wakubwa, na hali yake ikatulia. Mwaka 1772 alirudi Hanover kumchukua dada yake mdogo, Caroline, aliyekuwa na miaka 22. Homa kali aliyougua akiwa na miaka kumi ilikuwa imezuia kukua kwake, hakuzidi sana futi nne kwa kimo, na mama yake alikwisha kukata shauri kwamba binti huyu ataishi na kufa jikoni. Herschel alimtaka aje Bath awe mwimbaji.

Katika Mei 1773 Herschel alinunua kitabu cha elimu ya nyota kilichotungwa na James Ferguson. Huo ulikuwa mwanzo wa yote. Hakuridhika kusoma, alitaka kuona. Akanunua lenzi, akatengeneza mabomba marefu ya karatasi ngumu na ya bati, moja likifika futi 30, kwa sababu lenzi za kawaida za wakati ule zilipunguza ila yake ya rangi pale tu bomba lilipokuwa refu kupita kiasi. Mabomba yalipinda, upepo ukayatikisa, hayakuelekezeka. Akaziacha lenzi. Akakodi darubini ndogo ya vioo ya muundo wa James Gregory, ambamo kioo kikubwa kina tundu katikati na kioo cha pili nacho kimebonyea. Akapendezwa nayo, akauliza London bei ya kioo kikubwa zaidi. Jibu lililokuja lilikuwa kwamba kioo cha ukubwa huo hakipo tayari, na bei ya kukitengeneza ilizidi uwezo wake.

Hapo ndipo alipokata shauri kuunda mwenyewe. Kulikuwa na mtu mmoja mjini Bath aliyekuwa akicheza na kazi hiyo na sasa ameichoka. Herschel akanunua kwake vifaa vyote pamoja na vioo ambavyo havijakamilika. Alijaribu muundo wa Gregory, akapata taabu kuvilinganisha vioo vyake viwili, akaugeukia wa Newton, ambao kioo chake cha pili ni bapa na kina msamaha zaidi kwa fundi mchanga. Nawaomba wenzangu wanaochagua darubini walitazame jambo hili kwa makini. Herschel hakuuchagua muundo wa Newton kwa sifa zake vitabuni. Aliuchagua kwa kuwa ndio ambao mtu mwenye mikono miwili na fedha kidogo anaweza kuutengeneza, kuulinganisha na kuurekebisha mwenyewe. Sababu hiyo ina nguvu ileile leo, kwani kwa fedha zilezile kioo hukupa upana mkubwa zaidi kuliko lenzi.

Vioo vya siku zile havikuwa vya bilauri. Vilikuwa vya madini: shaba iliyochanganywa na bati kwa kipimo maalumu mpaka ikawa nyeupe, ngumu na yenye kuvunjika kirahisi. Fundi huyeyusha mchanganyiko huo katika tanuri, huumimina katika kalibu, kisha husugua uso wake kwa unga mkali hadi ubonye, halafu huung'arisha kwa lami mpaka uwe na umbo linalotakiwa. Ikiwa tambi ya shaba nyingi mno, kioo huchuja haraka. Ikiwa bati limezidi, hupasuka kinapopoa. Kazi ya kung'arisha haikatizwi. Caroline amesimulia katika kumbukumbu zake kwamba safari moja kaka yake hakuondoa mikono juu ya kioo kwa muda wa saa 16, naye akamlisha tonge kwa tonge. Kazi ilipokuwa haihitaji fikra nyingi, alimsomea vitabu, na mojawapo kilikuwa Alfu Lela Ulela, hadithi zilezile ambazo watoto wa pwani yetu wamesimuliwa na bibi zao. Nyumba nzima iligeuka karakana. Sebuleni seremala anatengeneza mabomba na stendi, katika chumba cha kulala kumewekwa mashine ya kukereza, na bado jioni mwenye nyumba lazima avae vizuri aende kuongoza tamasha.

Tarehe 1 Machi 1774 alifungua daftari la kumbukumbu zake za angani kwa kuandika alichokiona: pete za Zohali na lile wingu la nuru lililo katika kundi la Jabari. Miaka minne baadaye alikamilisha darubini ambayo kwa rai yangu ndiyo bora aliyopata kuunda, ukipima faida kwa gharama. Kioo chake kilikuwa na upana wa inchi 6.2, yaani karibu sentimita 16, na urefu wa fokasi futi 7. Sentimita 16 ni karibu sawa na darubini ya Newton ya milimita 150 ambayo leo huuzwa kwa wanaoanza. Tofauti ni urefu. Fokasi ya Herschel ilikuwa zaidi ya mara 13 ya upana wa kioo. Hizi zetu ni mara 5, na nyingine mara 4. Alikuwa na sababu. Kioo chenye fokasi ndefu hubonyea kidogo sana, na katika hali hiyo umbo la tufe na umbo la parabola hukaribia kuwa kitu kimoja, kwa hiyo kosa dogo la mkono halidhuru sana. Tena alikuwa akitazama kwa jicho, na jicho linataka ukuzaji.

Mpiga picha anataka kinyume chake. Kamera haina haja ya ukuzaji mwingi. Inataka nuru nyingi kwa muda mfupi, na fokasi fupi ndiyo inayotoa hivyo. Lakini fokasi fupi ina gharama zake: kioo lazima kiwe parabola kwelikweli, vioo viwili lazima vilinganishwe upya kila mara darubini inapobebwa, na nyota za pembeni mwa picha huota mkia kama ndege anayeruka mpaka utie lenzi ya kusahihisha. Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hasemi: darubini nyingi za Newton zimepimwa kwa ajili ya jicho, na ukifunga kamera kubwa picha haikazi kabisa, kwa kuwa fokasi inaishia ndani mno ya bomba. Ulizeni hilo kabla ya kutoa pesa.

Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, katika bustani ya nyumba namba 19 mtaa wa New King, Bath, Herschel alikuwa akipitia nyota moja baada ya nyingine kwa darubini yake ya futi 7. Karibu na mpaka wa kundi la Mapacha na la Ng'ombe Dume aliona nyota moja ambayo haikuwa nukta. Akabadilisha lenzi ya jicho, kutoka ukuzaji wa mara 227 hadi 460, kisha 932. Nyota za kawaida hubaki nukta hata ukikuza vipi. Hii ilipanuka kila mara kama kisahani. Siku chache baadaye ilikuwa imesogea. Yeye alidhani ni nyota yenye mkia, na ndivyo alivyoripoti. Wanahesabu wa Ulaya ndio waliogundua kwamba mwendo wake ni wa sayari, iliyo mbali mara mbili ya Zohali. Tangu watu waanze kutazama mbingu sayari zilizojulikana zilikuwa zilezile zinazoonekana kwa macho, na sasa mpiga kinanda ameongeza moja. Ndiyo tunayoiita Uranusi.

Watu husema alibahatika. Lakini mwanafalaki wa mfalme, John Flamsteed, aliiona Uranusi mwaka 1690, akaiandika katika orodha yake kama nyota ya kawaida, akapita. Darubini yake haikuweza kuonyesha kisahani. Mwaka 1782 Herschel alipeleka darubini yake Greenwich, ikalinganishwa na zile za serikali, ikazishinda. Mafundi wakubwa wa London walishindwa na mtu aliyejifunza kazi jikoni kwake kwa miaka minane.

Mfalme George wa Tatu alimpa posho ya pauni 200 kwa mwaka, naye akaacha muziki. Kwa hesabu ya fedha huo ulikuwa upungufu, kwani muziki ulimlipa zaidi. Akafidia kwa kuunda darubini na kuuza. Vioo alivyosugua maishani ni zaidi ya 400, na mfalme wa Hispania alimuagizia darubini ya futi 25. Mwaka huo wa 1782 alihamia Datchet, karibu na ngome ya Windsor, na hatimaye, mwaka 1786, Slough.

Kuhama huko kulimgharimu mtu mwingine. Caroline alikuwa amekwisha kuwa mwimbaji mkuu katika tamasha za Bath, amesifiwa, ameanza kujitegemea. Kaka alipoacha muziki, kazi ya dada nayo ikafa siku hiyohiyo, wala sijaona popote kwamba alishauriwa. Akafanywa msaidizi wa usiku. Herschel alisimama juu ya ngazi gizani akitazama, akitamka anachokiona. Caroline alikaa ndani karibu na dirisha penye mshumaa na saa, akiandika. Mgawanyo huo ulikuwa wa lazima, kwa sababu jicho likishaona mwanga wa mshumaa hupoteza uwezo wake wa gizani kwa muda mrefu. Asubuhi alipiga hesabu za nafasi ya kila kitu. Usiku wa mwisho wa mwaka 1783, chini kukiwa na theluji, alipokuwa akikimbilia mahali alipoitwa na kaka yake, aliteleza akaangukia kulabu kubwa ya chuma, ikamwingia juu ya goti. Walipomnasua sehemu ya nyama ilibaki kwenye kulabu. Anavyosimulia, faraja yake ilikuwa kwamba usiku ule baadaye mawingu yalitanda, kwa hiyo kaka yake hakupoteza mengi. Mimi nikisoma hapo hukasirika kidogo. Huyu ndiye mwanamke ambaye tangu 1786 aligundua nyota nane zenye mkia kwa darubini ndogo aliyotengenezewa, na kuanzia 1787 alilipwa pauni 50 kwa mwaka na mfalme kwa kazi yake.

Chombo walichotumia usiku ule na kwa karibu miaka 20 iliyofuata kilikuwa cha futi 20, kioo chake kina upana wa inchi 18.7. Hakikuwa na mtambo wa kufuata nyota. Waliliinua bomba kwa kamba hadi kimo fulani, wakaacha mbingu zipite zenyewe mbele yake, kipande baada ya kipande, usiku baada ya usiku. Kwa njia hiyo waliorodhesha mawingu ya nuru na vishada vya nyota 2,500, wakati orodha ya Charles Messier wa Paris iliyotangulia ilikuwa na vitu mia moja na kitu. Miongoni mwa alivyovichunguza ni lile wingu dogo ambalo Abdul-Rahman al-Sufi alilitaja katika kitabu chake cha nyota mwaka 964. Herschel alikisia kwa usahihi kwamba lina nyota zisizohesabika, akakosea vibaya umbali wake: alilidhania la jirani, nasi leo tunajua nuru yake husafiri miaka milioni mbili na nusu kutufikia. Hilo ndilo galaksi ya Andromeda, na ndilo kitu cha kwanza ambacho kila mwenye kamera anakitafuta.

Nilisema darubini ile haikufuata nyota. Hapo ndipo wapiga picha wetu wanapoachana na Herschel, na ndipo wanapopaswa kuweka sehemu kubwa ya fedha zao. Jicho haliwezi kulimbikiza nuru. Linaona kilichopo sasa na kukisahau. Kamera inaweza kukaa wazi dakika nzima na kuzidi, lakini ikiwa tu stendi inazunguka sawasawa na mbingu. Bomba zuri juu ya stendi mbovu ni hasara tupu. Kwetu hapa Kampala kuna tatizo la ziada ambalo vitabu vya Ulaya havilizungumzii: stendi ya ikweta huelekezwa kwenye ncha ya mbingu, na kwetu ncha hiyo iko usawa wa upeo wa macho, imezibwa na vilima na nyumba. Stendi nyingi hazikubali kulala chini kiasi hicho, au uzito wake wa kusawazisha hugonga mguu. Faida yake ni kwamba tukiwa katikati ya dunia tunaona mbingu zote mbili, ya kaskazini na ya kusini, jambo ambalo Herschel hakulipata maishani.

Sasa nije kwenye darubini iliyompa umaarufu mkubwa kuliko zote, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo kosa lake kubwa. Alitaka nuru zaidi. Tayari mwaka 1781 mjini Bath alijaribu kusubu kioo cha inchi 36 katika chumba cha chini cha nyumba yake, kalibu ikiwa imefinyangwa kwa udongo na samadi ya farasi. Kalibu ilivuja. Madini yaliyoyeyuka yakamwagika juu ya sakafu ya mawe, mawe yakapasuka na kuruka mpaka dari, mafundi wakakimbia ovyo. Hakukoma. Mfalme alitoa pauni 4,000, na pale Slough ikajengwa darubini ya futi 40, kioo chake kina upana wa inchi 48. Wageni walitembea ndani ya bomba kabla halijawekewa kioo. Kioo cha kwanza kilikuwa na uzito wa karibu nusu tani, kikapinda kwa wembamba wake. Cha pili kilikaribia tani moja. Ili asiipoteze nuru, Herschel alikiondoa kile kioo kidogo cha Newton, akakiinamisha kioo kikubwa na kutazama moja kwa moja kutoka mdomoni mwa bomba. Madini yale hurudisha kama theluthi mbili tu ya nuru, na baada ya vioo viwili haibaki hata nusu.

Ilipokamilika mwaka 1789 ilionyesha miezi miwili mipya ya Zohali, ambayo baadaye iliitwa Enceladus na Mimas, na watu wakapigwa na butwaa. Baada ya hapo ilitoa machache sana. Kuiandaa kulikula muda, ilihitaji watu wa kuisogeza, umande ulikaa juu ya kioo, madini yakachuja na kubadilika rangi, na kukisugua upya kioo cha tani moja si kazi ya siku mbili. Usiku safi Uingereza ni wachache. Ulipopatikana, Herschel mwenyewe aliichukua ile ya futi 20. Lile jitu lilibaki limesimama bustanini kwa ajili ya wageni wa mfalme, na mara ya mwisho alilitumia mwaka 1815.

Kwa hiyo ninapowasikia wenzangu wakibishana juu ya inchi 10 na inchi 12, namfikiria mzee huyu amesimama katikati ya darubini zake mbili. Ya inchi 6 yenye fokasi milimita 750 mtu mmoja anaibeba na kuiweka juu ya stendi yake kwa dakika chache. Ya inchi 12 itahitaji gari, watu wawili, na stendi ya bei ya kutisha, na usiku ambao mvua za masika zimetuachia hautangoja.

Mwaka 1788 Herschel alimuoa mjane jirani, Mary Pitt, na mwaka 1792 akapata mtoto mmoja, John. Mwaka 1800, akipima joto la kila rangi ya nuru ya jua kwa kipimajoto, alikiweka kipimajoto nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, akakuta joto limezidi. Hivyo ndivyo ilivyogunduliwa nuru isiyoonekana ambayo leo inatumika hata katika rimoti za televisheni. Pia aliamini kwa dhati kwamba jua lina wakazi. Mtu mmoja anaweza kubeba yote mawili. Alifariki Slough tarehe 25 Agosti 1822, akikaribia miaka 84. Uranusi huchukua miaka 84 kulizunguka jua mara moja.

Caroline alirudi Hanover, akaendelea kuzipanga upya orodha za kaka yake, akafa mwaka 1848 akiwa na miaka 97. John aliichukua darubini ya futi 20 pamoja na vioo vitatu, kimoja kazi ya baba yake, akaja nayo barani mwetu. Kuanzia 1834 hadi 1838 aliisimamisha karibu na Cape Town, akaorodhesha mbingu za kusini ambazo baba hakuziona, akivisugua upya vioo kila vilipochuja.

John alikuwa pia mwanakemia. Mwaka 1819 aligundua kwamba chumvi moja, ambayo wapiga picha wa filamu waliiita haipo, huyeyusha chumvi za fedha. Miaka 20 baadaye, upigaji picha ulipozaliwa, dawa hiyo ndiyo iliyoizuia picha isiendelee kuungua na kuwa nyeusi. Muda si mrefu mafundi walijifunza kupaka fedha juu ya kioo cha bilauri, vioo vya madini vikaachwa, na mwaka 1883 Andrew Common alipiga picha ya lile wingu la Jabari kwa kioo cha namna hiyo cha inchi 36, picha iliyoonyesha nyota ambazo hakuna jicho lililowahi kuziona.

Bomba la futi 40 lilikwisha kuoza. John aliamua kuliteremsha kabla halijamwangukia mtu. Katika Septemba 1839, mihimili ya mbao ikiwa bado imesimama, aliweka kipande cha kioo kilichopakwa chumvi ya fedha ndani ya kamera, akakielekeza bustanini. Ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa duniani zilizopigwa juu ya kioo. Imehifadhiwa London, duara dogo lililofifia, na ndani yake huonekana ngazi na mihimili ya darubini ya baba yake.